Mpole wa Kwenye Ndoo

Ndani ya basi, kwanza nilisikia mfuniko ukigongwa kutoka ndani, ndipo nikaiona ndoo miguuni pa mama mshonaji, pini zingali kwenye kola yake.

"Kawameza samaki wote wekundu wa binti yangu!" alimlalamikia fundi rangi aliyeketi kando yake. "Na mwenye duka la samaki wa kufuga aliniapia ni mpole. Namrudishia samaki wake, na akikataa namtupa mtoni samaki huyu."

Fundi akachungulia: kichwa cha nyoka, mwili wa samaki. "Mtoni usithubutu, dada, atawamaliza na wa huko! Ninaye kama huyu. Hukaa peke yake, au na wakubwa asioweza kuwameza. Wewe umemwandalia meza, halafu unamkasirikia kwa kula?"

"Kumbe kosa ni langu?"

"Lenu wawili, wewe na duka!"

Nilimuunga mkono fundi kwa ushujaa, miguu yangu ikiwa juu ya kiti.

Simu ya mama ikaita. Basi likasimama mbele ya duka lile la samaki, naye akateremka na ndoo yake akisema kwa sauti kwenye simu, "Usilie, mwanangu. Nakuahidi, leo mwenye duka atatia mkono wake humu ndooni kwanza, ndipo aniambie tena ni mpole."