Chozi la Evodia Jenezani

Kijiwe chetu kipo Issuna, pembeni ya lami. Asubuhi ile kahawa ilikuwa haijamiminwa, vichwa vyote viko juu ya simu ya Kefa, tunayemwita Daktari kwa sababu anauza dawa za mifugo. Evodia, binti wa hapahapa, siku hizi ni nyota, na watu wameifukua filamu yake ya kwanza. Alicheza maiti. Hana neno hata moja, kalala tu jenezani. Baba yake, Mzee Mughwai, alikuwa mwisho wa benchi, kikombe kitupu mkononi. Tangu filamu ile ifike kijijini hajaongea na mwanawe. Alisema mtu anayelala jenezani akiwa hai anajichulia kifo. Wote tulijua, na adabu ilitutaka tunyamaze. Hatukunyamaza.

— Mungu wangu! Rudisha hapo! — alipiga kelele Gasto. Huyu ndiye Wakili, ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kama mshtakiwa. — Maiti katoa chozi!

— Nimeliona, — alisema Daktari. — Nywele zimenisimama.

— Wenzake wanaanza kwa kupigana, kwa kupendana. Huyu kaanza kwa kufa! Na bado kawa nyota!

— Chozi lenyewe ni kitunguu. Mtu wa Singida kitunguu kiko kwenye damu.

— Acha uongo, Daktari. Ni mbao mbichi, zinawasha macho. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Jeneza si lina uvungu?

Mimi nikadakia kwamba lile jeneza lilishabeba maiti wa kweli, naye ndiye aliyelia kwa macho ya Evodia. Nilijitisha mwenyewe.

— Shikamooni, — ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa mama mmoja mgeni, anasubiri basi la Singida.

— Marahaba, mama.

— Samahanini. Huyo mwanamume anayeinama hapo, anamwambia nini marehemu?

Tulitazamana. Muda wote sauti ilikuwa imezimwa. Daktari akaiwasha, akarudisha nyuma. Mwigizaji aliyecheza baba aliinama juu ya jeneza, akasema, “Mwanangu, nisamehe.” Hapo ndipo chozi lilipotoka.

Hakuna aliyecheka. Mzee Mughwai aliweka kikombe chini.

— Ni hayo tu?

— Ni hayo tu, mzee, — alijibu Daktari.

— Hebu lete simu. Nimpigie mwanangu.

Daktari akainuka na kumpa simu kwa mikono miwili. Mzee aliishika, akatuangalia mmoja mmoja.

— Namba yake anayo nani? — aliuliza yule mama.

Wakili akamtazama Daktari, Daktari akanitazama mimi. Picha za Evodia zote tunazo. Mgeni akipita tunamwambia huyu ni binti yetu. Namba hatuna.

— Nilikuwa nayo mimi, — alisema Mzee Mughwai. — Niliifuta. Nilisema maiti hapigiwi simu.