Laki na Themanini ya Kusagia Mawe

— Laki na themanini, Oduol! Viroba kumi na viwili, kila kimoja elfu kumi na tano. Hesabu hiyo hata ng'ombe wangu anaiweza.

— Nilikulipa, Nyangwine. Hapahapa, mkono kwa mkono, kama unavyotaka mwenyewe.

— Mkono upi? Huu? Nusa! Unanuka dizeli tu.

Hapo ni kwenye benchi la kahawa la Awino, Matongo, njia ya kwenda mashimoni. Tangu rashi ilipuke na watu wakamiminika kutafuta dhahabu, benchi hilo halipoi na birika halipoi. Mimi ndiye Nyangwine, mwenye karasha la kusaga mawe, lile la upande wa kushoto. Sikufundishwa na mtu. Injini niliifungua na kuifunga mwenyewe mpaka ikanikubali. Bei yangu ni moja na sitaki makaratasi: unasaga, unalipa mkononi, tunaachana. Upande wa pili wa barabara kuna karasha la Efrazia. Siku hiyo pikipiki zenye viroba zilipanga foleni kwake mpaka kwenye kona. Mbele ya langu alikuwa amelala mbwa, tena si wangu.

Ryoba, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, alipuliza kikombe chake.

— Efrazia hadai mtu, mura. Anaandika tu kwenye simu: jina, viroba, namba. Akishaandika, lile daftari la kwenye simu linatuma ombi la malipo lenyewe. Ukiweka namba ya siri, risiti inakufikia wewe na wenzako wote wa shimo. Jina lako kwenye daftari linageuka kijani, ndipo mchanga wako unatoka.

— Sasa yeye anafanya nini? Awino akauliza huku akimimina.

— Anamenya karanga.

Hiyo iliniingia. Ni kweli, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki anamenya karanga, maganda yanapepea, kanenepa mpaka shingo imepotea. Mimi kutwa niko barabarani, Genkuru, Sirari, kugonga milango ya watu na kuambiwa baba katoka.

— Ni wifi yake, Sheila, yule anayekaa Migori, Kenya, Oduol akasema. Alikuja Pasaka na kompyuta, akaliunganisha hilo daftari na huduma ya malipo ya mtandaoni.

— Uongo! nikasema. Daftari haliwezi kudai. Kuna mtu amejificha ndani anabonyeza.

— Ndani ya simu?

— Ndani ya nyumba, Redio! Unanifanya mimi mjinga?

— Usikasirike, mura. Nilivyosikia mimi, likishapata namba yako linachungulia salio. Linangoja upokee hela, ndiyo linakurukia.

— Hiyo ndogo, Oduol akadakia, akifurahi kwamba tumeiacha laki na themanini. Linajua na dhahabu iliyomo kabla jiwe halijasagwa. Huko Kenya kuna jengo zima, watu wamevaa tai, wanatutazama Matongo kwenye kioo. Hata kikombe hiki wanakiona.

— Basi wamwambie Redio alipe vikombe vya jana, Awino akasema.

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu pikipiki, na ilikuwa imeongezeka nyingine.

— Oduol, kwa Efrazia umesaga lini?

— Juzi.

— Ukalipa?

— Ningefanyaje, omera? Mchanga hautoki.

— Kwake unalipa vumbi halijatua, kwangu tangu watu wanapanda mahindi! Nina kasoro gani? Jiwe nililolisaga mimi lilikataa kuwa unga?

Nikamshika kola. Awino akapiga kelele kwamba kahawa inamwagika. Ndipo bodaboda ikasimama na kijana akashuka, vumbi mpaka kwenye kope.

— Shikamooni.

— Marahaba. Unatoka wapi?

— Mbalibali. Naitwa Ezekiel. Shimo la Oduol tuko watatu. Mimi nakaa kule na mifugo, nachangia hela.

Nikaachia kola. Oduol akainama juu ya kikombe kama kimeangukiwa na kitu.

— Juzi risiti ya mama Efrazia iliingia kwenye simu yangu, Ezekiel akaendelea. Ikanikumbusha ile ya kwa mzee Nyangwine, ya viroba kumi na viwili. Oduol aliniambia karasha la mzee halitumi, risiti yake inafuatwa. Nimeifuata.

— Risiti ya nini? nikauliza.

— Ya laki na themanini. Mimi nilimtumia Oduol elfu sitini yangu, na mwenzetu wa tatu akatuma yake.

Tukamgeukia Oduol wote.

— Nilimpa! Kwenye benchi hili! Redio alikuwepo!

— Nilikuwepo, Redio akasema, ila nilikuwa naongea.

— Awino?

— Mimi nahesabu vikombe. Noti za watu sihesabu.

Nikasimama.

— Kijana, mimi ni mtu wa wazi. Uliza Matongo nzima. Sijapokea hata mia.

— Sawa, mzee. Una kitu cha kunionyesha kwamba hukupokea?

Nilitaka kusema neno langu linatosha, lakini kijana alikuwa ameshapewa na la Oduol. Ng'ambo simu ya Efrazia ililia, na jina la mtu fulani, najua, likageuka kijani bila yeye kuinua macho kwenye karanga.

Ezekiel akaketi katikati yetu, mimi huku, Oduol huku.

— Nani mwongo mimi siwezi kujua. Nataka elfu sitini yangu.