Kiti cha Shahidi

Kwa nini mtu aliyeitwa mahakamani abebe kiti? Mwanafunzi wa sheria, mwenye imani kubwa na katiba aliyoishika mkononi, alikuwa akijiuliza hivyo tangu mama mmoja alipopanda treni na hati ya wito wa mahakama na kiti cha jikoni, akaketi na kukipakata kiti kama mtoto.

"Mwanangu ana miezi minane rumande," mama alikuwa akimweleza jirani yake, karani wa mahakama hiyohiyo. "Shahidi wake ni mimi. Mmeahirisha kesi mara tatu kwa kuwa magoti hayaniruhusu kusimama, nanyi hamna kiti."

"Tulikuwa navyo, mama. Ofisi ya mashtaka ilipotenganishwa nasi, wao walichukua viti, sisi tukabaki na meza."

"Kama talaka."

"Talaka ina nafuu. Fungu la fedha za samani liko kwao, letu ni la mashahidi. Tunaruhusiwa kukulipia nauli, si kukukalisha."

Mwanafunzi alipekua katiba. Mgawanyo wa madaraka aliuona. Wa viti haukuwemo.

"Ndiyo maana nimeleta changu."

Karani alikitazama kwa huruma. "Kikivuka mlango ni mali ya serikali. Na kesi haitaendelea mpaka ijulikane ni cha idara ipi. Kabati letu lilichukua mwaka mzima wa barua."

Treni ikasimama. Mama aliinuka taratibu, akaligeukia behewa zima.

"Mmesikia wenyewe. Naingia nacho na nakikalia. Wao waandikiane barua nikiwa juu yake. Sinyanyuki mpaka nimemaliza kumsemea mwanangu."