Shule ya Mwanafunzi Mmoja

Nyuma ya duka moja la dobi pale Kandara, Jeddah, kuna kochi la ngozi ambalo tajiri fulani alilitupa, na watu wa kwetu wakaliokota kabla halijapoa. Halina miguu, kwa hiyo ukikaa magoti yanakuja usoni, na ukitaka kusimama lazima uombe mkono wa jirani. Hapo ndipo kijiwe. Mvuke wa pasi unatoka dirishani, maji ya viyoyozi yanadondoka kwenye mabati, tone, tone, na hewa ni nzito kiasi kwamba neno likisemwa linaning'inia kidogo kabla ya kwenda zake. Kila Alhamisi baada ya alasiri utamkuta Profesa, dereva wa lori aliyeacha shule darasa la saba, lakini kwa kuwa mzigo wake ni katoni za vitabu anajihesabu kuwa amesoma. Utamkuta Waziri wa Pasi, anayenyoosha kanzu ndani ya dirisha, uso wake ukionekana na kupotea kwenye mvuke. Na utamkuta Mama Birika, Zeinab wa Mombasa, mwenye kahawa ya tangawizi, na kahawa yake ndiyo inayowaleta hao wengine. Alhamisi hii alikuwepo pia Serah wa ghorofa ya tatu, na bintiye Stacy, miaka sita, amelala fofofo, kichwa mapajani mwa mamake.

— Serah mwanangu, kahawa yapoa, — Mama Birika akamwambia. — Wainywa au waitazama?

Serah alifungua mdomo aseme asante, yakatoka yale mengine.

— Mama Birika, Gilbert yuko njiani, amepanda basi asubuhi kutoka Riyadh, sasa ashapita Taif kitambo, na amesema akifika tu mtoto asome ukurasa mmoja, mmoja tu, na asiposoma, kesho anasafiri na Roselyne, yule jirani anayemaliza mkataba, anapelekwa boarding Nakuru, miaka sita, Mama Birika, boarding! Na hajui kusoma. Tangu Januari namfundisha na hajui. Mimi ndiye nilisema atasomea nyumbani. Nilisimama kanisani siku ya kumweka wakfu nikamwambia Mungu huyu nitamfundisha mwenyewe, njia zako atazijua kwangu, na watu wakasema amina, na mimi nilipata D, D ya kidato cha nne, sasa D itamfundisha nani?

Tone likaanguka kwenye mabati. Wakamtazama mtoto. Mtoto akapumua.

— Hapo hakuna siri, — Profesa akasema, akijinyoosha kama mtu anayeingia darasani. — Ni AC.

— AC imefanya nini?

— Akili ya mtoto ni kama samli, mama. Ikipigwa na baridi mchana na usiku, inaganda. Utaandika nini juu ya samli iliyoganda? Zima hiyo mashine wiki moja, atasoma mpaka gazeti.

— Azime AC Jeddah? — sauti ya Waziri ikatoka kwenye mvuke. — Wewe unataka mtoto asome au aive? Shida si baridi. Shida ni mchele. Kila siku wali na kuku, wali na kuku. Huyu mtoto ameonja omena, dagaa wa kwetu, lini?

— Omena inaingiaje hapo, Waziri?

— Sahani moja ya omena ina macho mangapi? Mia mbili! Unakula macho mia mbili kwa mlo mmoja, halafu ushindwe kuona herufi? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wanaongea juu ya kusoma, watu hawakuwaelewa.

— Wallahi wahenga wana kesi na nyie siku ya kiyama, — Mama Birika akasema, akimwongezea Serah kahawa ambayo hakuiomba.

Serah alitazama saa kwenye simu. Alikuwa akihesabu. Taif mpaka hapa, milima ile, magari ya Alhamisi. Labda nusu saa. Alimshika Stacy sikio, sikio lenye joto, akajiuliza kama kweli ni omena. Mtu akiogopa sana huamini chochote.

— Nisikilizeni, — Profesa akarudi, sasa kwa sauti ya chini. — Sisi tulijifunzia wapi kuandika? Vumbini. Na kijiti. Miguu mitupu. Herufi huingia kwa nyayo, zinapanda polepole, magotini, kiunoni, mpaka kichwani. Huyu mtoto wetu anatembea juu ya marumaru. Herufi zitapitia wapi? Ndiyo sababu wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu likivunjika, elimu imekwisha.

— Hilo la nyayo nakupa nusu, — Waziri akasema, na pasi ikanyamaza. Aliegemea dirishani. — Lakini tuseme ukweli. Huyu mtoto alikuja na ndege akiwa na miaka mingapi?

— Mitatu, — Serah akajibu.

— Basi. Ndege inabeba mwili. Akili haipandi ndege, akili hutembea. Mwili wa Stacy ulifika miaka mitatu iliyopita. Akili yake iko njiani bado. Saa hizi iko juu ya Sudan, inashuka polepole kama unyoya. Usiiharakishe.

Hata Mama Birika hakumcheka. Serah alitazama juu, kati ya kuta mbili ndefu, mahali mbingu ilipokuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kwa muda mfupi akaiona: kitu chepesi, cheupe, kikiyumba huku na huku, kikimtafuta Stacy kati ya mabomba na antena zote za Kandara.

— Hebu niambie, — Mama Birika akamgusa bega. — Hiyo shule yako waiendeshaje?

— Vile inafaa, — Serah akasema. — Saa moja na nusu napiga kengele, kijiko kwa sufuria. Anavaa sweta. Tunafanya paredi hapo sebuleni, tunaomba, mstari wa kukariri, kwa sauti ndogo. Halafu naita rejista.

— Rejista ya nani?

— Ya Stacy.

— Waita jina moja?

— Anajibu "yupo". Halafu kusoma mpaka saa nne, hesabu mpaka saa sita. Mwisho wa mwezi mtihani. Juzi amekuwa namba moja.

— Kati ya wangapi? — Waziri akauliza.

— Kati ya mmoja. — Serah akafuta uso kwa ncha ya mtandio. — Na pia amekuwa wa mwisho. Nilimwandikia ripoti. Nikaandika "ajitahidi". Alilia, Mama Birika. Tangu siku hiyo nikileta kitabu anasema tumbo linauma.

Waziri akarudi kwenye pasi yake.

Alikuwepo mtu mwingine aliyekuwa amesimama pembeni akingoja mzigo wake, mama wa makamo, mwembamba, viatu vya kazini miguuni. Waziri alimpitishia makoti matano meupe dirishani. Alikuwa Lydia, muuguzi kutoka Morogoro, mgeni mtaani.

— Samahanini wapendwa, nimesikia, maana hamkunong'ona, — akasema. — Nina swali dogo tu. Nani hapa anaikumbuka siku aliyojua kusoma?

— Mimi, — Profesa akarukia. — Mimi hapa. Ilikuwa... Kulikuwa na mwalimu wetu, alivaa soksi mbili tofauti, moja nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa na tundu.

— Hiyo ni soksi, Profesa, — Waziri akasema. — Siku je?

Profesa akafumba macho. Midomo ikamcheza. Hakurudi na kitu.

— Mie naukumbuka mkeka wa chuo cha Kurani, — Mama Birika akasema polepole. — Naukumbuka ubao ukioshwa, maji meusi yakienda zake. Lakini siku yenyewe... siioni. Ajabu!

Waziri naye alisema kwao kulikuwa na pakiti ya unga, kuna wakati alikuwa anaona tu picha ya mahindi, halafu kuna wakati anasoma kilo mbili, na katikati hamna kitu. — Ni kama usingizi, — akasema. — Nani anaijua dakika aliyolala?

Serah alikuwa mbali. Alikuwa amerudi kwao, kitandani, ukutani kumebandikwa magazeti ya zamani kuzuia upepo. Alikuwa mdogo, na ukuta ulikuwa na siafu weusi wamepanga mistari, na aliwapenda tu vile walivyo. Halafu kitanda kilekile, blanketi lilelile, na ukuta unamwambia BEI YA MAJANI YA CHAI YAPANDA. Kati ya siafu na bei ya majani alitafuta mlango. Hapakuwa na mlango. Hakuna mtu aliyekuwa amesimama pale na saa mkononi.

— Wangu watatu niliwasomesha nyumbani, kule Riyadh, — Lydia akasema, akiyakunja makoti mkononi. — Wa kwanza alisoma na miaka mitano, nikajiona mwalimu hodari. Wa pili miaka minane, nikajiona mjinga. Mwalimu alikuwa yuleyule, mdogo wangu. Vua hilo sweta. Hiyo rejista ichome. Mpakate kama ulivyompakata hapo, usome wewe, kidole kitembee chini ya maneno, robo saa, ukiona amechoka funga hata kama hadithi imefika patamu. Mchana mkipika, akusomee pakiti ya chumvi. Jioni aombe yeye kwa maneno yake. Na usimpime kila siku. Anayefukua mbegu kuangalia kama imeota, anaiua.

— Na kama hataweza kabisa? — Serah akauliza. — Kama ni kichwa changu amerithi?

— Kama miezi inapita na hata herufi hazitambui, mpeleke apimwe macho na masikio, siyo aibu. Kichwa chako hakina shida, umekaa hapa unalia kwa ajili ya mtu. Haya, nawahi zamu.

Akaenda na makoti yake meupe mpaka kona ikammeza. Walikuwa bado wanaangalia kona hiyo wakati Gilbert alipotokea hapohapo, begi begani, shati limegandia mgongo kwa safari ya siku nzima. Alisimamia ghala kule Al-Sulay, Riyadh, na alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kupokea hesabu zikiwa kamili. Aliwasalimu wote. Halafu akamwangalia mkewe.

— Amesoma?

Serah alikuwa amepanga uongo mwingi tangu asubuhi. Wote ukatawanyika.

— Hajasoma, Baba Stacy.

— Ajenti anapiga saa hii kuthibitisha tiketi.

— Najua. Lakini kwanza niambie, siku uliyojua kusoma unaikumbuka?

— Serah, nimechoka.

— Niambie tu.

Gilbert akaweka begi chini. Akaangalia ukuta wa dobi, akaangalia vidole vyake. Profesa akamtikisia kichwa kwa huruma, kama mwenye njaa kwa mwenye njaa.

— Kulikuwa na dirisha, — Gilbert akasema mwishowe. — Lilikuwa na waya. Hiyo tu.

— Hakuna aliyeiona siku yake, — Serah akasema, na safari hii maneno hayakukimbizana, yalikuja moja moja. — Mamangu hakuiona yangu. Inapita tu, hakuna anayejua. Ya Stacy ikipita, nataka inikute hapo. Isimkute kwa dom ya boarding kati ya watoto themanini.

Simu ikalia. Gilbert aliishika ikiwaka kiganjani, akamtazama mtoto, mate yamechora duara kwenye gauni la mamake.

— Ndiyo, bwana, — akasema. — Hapana. Hapana, halas, yameisha, hiyo nafasi mpe mtu mwingine. Mwambie Roselyne nitampigia mwenyewe.

Akajishusha kwenye kochi, magoti yakamjia usoni, akavuta miguu ya Stacy juu yake.

— Mama Birika, nipe kahawa basi.

Mama Birika akalipindua birika juu ya kikombe. Likatoa vipande viwili vya tangawizi.

— Wameimaliza maprofesa, baba. Kaa vivyo hivyo.

Akakaa. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa karibu, ukajibu wa mbali, Mama Birika akajifunga mtandio vizuri akaomba mkono wa Waziri kutoka dirishani asimame.

— Kesho mnaanza saa ngapi? — Gilbert akamuuliza mkewe.

— Kesho ni Ijumaa, — Serah akasema. — Mwalimu atalala.