Pilipili za Ofelia

"Tairi lilipasuka lenyewe, jirani! Mimi nilishika usukani tu!"

"Na gari langu lililoegeshwa nalo lilikurukia lenyewe?"

Nacha, aliyeketi nyuma yao ndani ya basi, alizima redio ya simu yake. Redio gani ingeshinda hii? Tangu ajali ile, majirani hao wawili hawana magari, wanapanda basi moja kila siku kuvuka San Antonio, na ugomvi wao wanapanda nao.

"Wakili wangu anasema kosa ni la kiwanda cha tairi," alisema Eusebio, dereva wa ajali ile.

"Wakili yupi? Yule wa tangazo lililobandikwa ubavuni mwa basi?"

"Huyohuyo. Tutashinda, na wewe utapata gari jipya."

"Tairi la mtumba, lenye upara kama wako, halafu kosa la kiwanda!"

"Mtaalamu atalipima aseme. Bila tairi hakuna kesi. Lilibaki uani kwako, Ofelia. Natumaini hujaligusa."

Ofelia akageukia dirisha.

"Nilidhani ni takataka," alisema. "Nimelikata, nikalipaka rangi ya waridi, nikapanda pilipili."

"Umepanda pilipili kwenye ushahidi!"

"Na zimezaa, bwana wee! Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulinipa nafasi ya kusema lini?"

Basi lilisimama kwenye kituo chao. Ofelia alishuka, akageuka. "Nimepika maharage kwa pilipili hizo. Njoo ule, uonje hicho kiwanda chako." Kisha akamnyooshea Nacha kidole. "Nawe mama mwenye masikio, shuka tukale. Tutahitaji shahidi."