Gitaa la Chuma na Kanzu ya Harusi

Ndani ya basi la Temeke, mwaka ule wa 1953, kijana Mwishehe aliniamkia shikamoo, akaniomba nimshikie kanzu yake mpya ya harusi ili alikumbatie vizuri gitaa lake la chuma, la zamani, lisilo na mwenzake mjini. Mkwewe mtarajiwa alikuwa ameshasema: lisipouzwa kabla ya Ijumaa, hapati mke.

Mnunuzi alikuwa kando yake, karani Projestus, mpenda magitaa naye. "Unapigia klabu gani?" Mwishehe akamuuliza. Karani akaitaja. "Wale? Wanapiga dansi kama wanatwanga kisamvu! Sikuuzii." "Basi sitalipiga, nitalitundika ukutani." "Ukutani! Hili picha ya marehemu?"

Nikajiuliza huyu anauza au anaozesha.

"Bwana wee, niguse uzi mmoja tu." "Una jasho, litaota kutu." "Sasa wamtaka mnunuzi gani?" "Anayelipenda kama mie." "Huyo ni wewe! Lioe basi!"

Basi likasimama Ilala, karani akashuka kwa hasira. Mwishehe akamkimbilia na gitaa kifuani: "Rudi tuelewane! Ila usiliguse!"

Kanzu ya harusi ikabaki mapajani mwangu.