Onyo Lililosomwa Nyuma ya Skrini

Kwenye treni, dada aliyekaa mbele yangu alikuwa akimlalamikia shangazi yake aliyeketi kando yake. Kazi yake ni kuujaribu mfumo wa kompyuta wa hospitali kwa programu inayobonyeza vitufe badala ya mtu. “Ukiweka kishale juu ya kitufe cha kufuta, onyo linapaswa kutokea. Ukikisogeza tu, lipotee. Programu yangu ikashindwa kulinasa, nikadhani linapotea upesi mno, nikaiambia isome maneno yake nyuma ya skrini, kwenye msimbo yalikoandikwa. Ikafaulu kila siku. Kumbe kwenye skrini onyo lenyewe halitokei kabisa! Manesi wanafuta mafaili ya wagonjwa bila kujua.”

“Si uwaambie wakubwa, mwanangu?”

“Nimewaambia, shangazi. Wanasema jaribio limefaulu, nisiwachoshe.”

Treni ikasimama kituo cha hospitali hiyohiyo. Nikashuka, kadi ya kliniki mkononi, nikaulizie kama bado nina faili.